Forodha ya Unguja ilikuwa ya nani?

Swali: Assalaam aleikum Maalim. Mimi ni mwalimu wa historia katika shule moja ya sekondari hapa Tanga. Mwezi uliopita nilivuka na wanafunzi wangu kuja Unguja. Kule Mizingani mtembezaji wetu alisimama mbele ya jengo kubwa linaloangalia bahari akatuambia hii ndiyo Forodha ya Kale, watumwa walikuwa wakifungiwa humu, na minyororo iliyochongwa mlangoni ndiyo ushahidi. Jioni tulikwenda kula Forodhani, na muuza mishkaki akatuambia forodha ilikuwa pale pale bustanini, si kule tulikopelekwa. Wanafunzi wananiuliza nani mkweli, nami sina la kuwajibu. Na je, hiyo forodha ilikuwa ya nani hasa: ya Sultani, ya Wahindi au ya Waingereza?

Jibu: Waalaikumu salaam, mwanangu. Swali lako la mwisho limenifurahisha kuliko yote. Wengi huniuliza jengo lina ghorofa ngapi na mlango umechongwa kwa mti gani. Wachache sana huuliza mali ilikuwa ya nani. Ukishalijua hilo, hata mawe yenyewe utayaona kwa jicho jingine.

Kwanza tumtoe muuza mishkaki kwenye lawama. Amesema kweli. Mtembezaji wenu naye amesema kweli juu ya jengo, lakini amekosea juu ya mlango, na kuhusu watumwa amechanganya mambo mawili ambayo kila moja peke yake ni zito la kutosha. Nitayafikia.

Forodha ni neno tulilolipata kwa Waarabu, na kwao asili yake ni mahali vyombo vinapofikia kushusha mizigo. Kwa hiyo lilianza kuwa jina la mahali kabla ya kuwa jina la ofisi. Ndiyo maana mwambao huu una Forodhani nyingi: Mombasa wanayo katika Mji wa Kale, Dar es Salaam wanayo, na sisi tunayo yetu. Tukisema "forodhani" hatusemi ndani ya nyumba fulani. Tunasema pale pwani penye forodha. Neno ushuru, ambalo leo tunalitumia pamoja nalo, lina ukoo mwingine: limetoka kwenye hesabu ya sehemu ya kumi. Basi mtu alikwenda forodhani kutoa ushuru, na mambo haya mawili yalikutana mchangani, mbele ya Ngome Kongwe.

Ngome ile ilijengwa na Waomani baada ya Wareno kuondolewa mwambaoni mwishoni mwa karne ya 17, juu ya kiwanja kilichokuwa na kanisa la Wareno. Katika zama za Seyyid Said, Sultani wa Omani na Unguja, forodha ilikuwa chini ya ngome hiyo, pwani, hapo hapo mlipokaa na sahani zenu za urojo. Usidhani ilikuwa jengo la fahari. Wageni waliofika katikati ya karne ya 19 walishangaa kuona kwamba mapato yote ya dola iliyojulikana kutoka Maskati hadi Ujiji yalikuwa yakikusanywa kwenye banda. Nje ya banda kulikuwa na bahari tu. Gati halikuwapo. Jahazi zilitia nanga, zile ndogo zikisubiri maji yapwe zikae juu ya mchanga, na mahamali wakaingia majini kiunoni kubeba mizigo hadi nchi kavu.

Jaribu kuwachorea wanafunzi wako asubuhi moja ya mwezi wa Februari, kaskazi ikivuma. Vyombo kutoka Kachi huko India, Maskati na Hadhramauti vimejaa bandarini, vimeleta tende, papa mkavu, samli, vitambaa. Upande wa pili zimepanga mashua zilizotoka Mrima, yaani pwani ya bara inayoikabili Unguja, na Kilwa. Ndani ya banda kuna mizani kubwa, na pembe za ndovu zimelazwa chini, kila moja na alama yake. Zinapimwa kwa frasila, ambayo ni kama kilo 16. Pembeni sandarusi, utomvu mkavu wa mti, inachambuliwa na kusafishwa mchanga kabla haijafungwa kwenye masanduku ya kwenda Salem, Marekani. Karanfuu inanukia hadi mtaani. Na katikati ya yote hayo, juu ya mkeka, ameketi mtu mwenye kalamu na daftari. Mtu huyo si mwajiriwa wa Sultani, na anaandika kwa maandishi ambayo Sultani mwenyewe hawezi kuyasoma, kwa sababu ni ya Kigujarati.

Hapo ndipo swali lako linapoanza kujibiwa.

Seyyid Said hakuwa na watumishi wa kukusanya ushuru kutoka Lamu hadi Kilwa, wala hakuwa na haja nao. Alifanya walivyofanya watawala wengi wa bahari hii: aliikodisha forodha. Tajiri mmoja anakubaliana na Sultani atamlipa kiasi fulani cha riale kila mwaka, kwa kawaida mkataba ukiwa wa miaka mitano, kisha ni juu yake tajiri kukusanya. Akikusanya zaidi, faida yake. Akikusanya pungufu, hasara yake. Sultani anapata fedha zake bila kuhesabu hata pembe moja.

Kwa zaidi ya miaka 50, ukiacha vipindi vifupi, mkataba huo ulikuwa mikononi mwa nyumba moja ya kibiashara ya Mabanyani, yaani wafanyabiashara Wahindu, wa jamaa ya Kibhatia kutoka Kachi. Jina kubwa katika nyumba hiyo ni Jairam Shivji. Hakuwa mtoza ushuru tu. Alikuwa mkopeshaji, mwenye maghala na mwenye vyombo. Alikuwa na mawakala katika kila mji wa pwani, pamoja na huko kwenu, na mfanyabiashara wa Pangani au Bagamoyo aliyetaka bidhaa kwa mkopo alikwenda kwa yule yule ambaye kesho angemtoza ushuru. Mwaka 1837 alipofika balozi wa kwanza wa Marekani, Richard Waters, naye akiwa mfanyabiashara, haikumchukua muda kutambua kwamba mtu wa kupatana naye ni Jairam. Wakafanya biashara kwa maelewano, na Wamarekani wenzake waliobaki nje ya maelewano hayo wakalalamika sana.

Kiasi alicholipwa Sultani kinaeleza kukua kwa mji kuliko maelezo yangu. Mwanzoni mwa miaka ya 1830 kodi ya mwaka haikufika riale 200,000. Katikati ya miaka ya 1860 ilikuwa imepita 300,000. Riale hizi ni zile za fedha zenye sura ya malkia Maria Theresa wa Austria, zilizokuwa zikipigwa Ulaya na kuaminiwa pwani yote. Tajiri hamlipi Sultani kiasi hicho bila kujua kwamba atabakiwa na cha kwake.

Sasa sikia jambo linalowagusa nyinyi watu wa Tanga. Seyyid Said alifunga mikataba na mataifa ya nje: Marekani mwaka 1833, Uingereza 1839, Ufaransa 1844. Katika mikataba hiyo alikubali kwamba mfanyabiashara mgeni atatoa asilimia 5 ya bidhaa alizoshusha, basi, hakuna kingine. Ukitazama juu juu utasema mzee alijifunga mikono. Lakini katika mkataba wa Waingereza kiliwekwa kifungu kinachowazuia kununua pembe na sandarusi wao wenyewe katika pwani ya bara kuanzia Mtang'ata, hapo kusini mwa Tanga, hadi Kilwa. Maana yake ni nini? Maana yake kila pembe iliyoshuka Pangani, Saadani au Bagamoyo ilipaswa kupandishwa chombo, kuvuka mkondo, na kupita mbele ya yule mwenye daftari kule chini ya ngome. Na hapo haikutozwa asilimia 5. Ilitozwa kwa frasila, kiwango kikitofautiana kulingana na ilikotoka. Pembe iliyotoka Unyamwezi haikulipiwa sawa na iliyotoka kwingine. Mgeni alitozwa kidogo mbele ya watu, na mzigo mkubwa ukamwangukia yule aliyetembea miezi kutoka bara. Mimi naona hiki ndicho kiini cha utajiri wa Unguja katika karne ile, na ndicho kilichoifanya miji yenu ya Mrima kuwa milango tu ya nyumba iliyokuwa ng'ambo.

Jairam alirudi Kachi, na shughuli zikaendeshwa na wakala wake, Ladha Damji. Kuna kisa chake kimoja ninachopenda kukisimulia darasani. Mwaka 1857 Richard Burton na John Hanning Speke walikuwa wakijiandaa kwenda kulitafuta ziwa la Ujiji, yaani Tanganyika. Ladha aliwasaidia kupata bidhaa na wapagazi, kwa kuwa bila mkono wa forodha msafara ulikuwa haufungwi. Huko Kaole, akiwa na Banyani mwenzake aitwaye Ramji, akamwuliza kwa Kikachi kama huyu mzungu atafika kweli. Ramji akamjibu kwamba hawezi, Ugogo hapiti. Hawakujua kwamba Burton alikuwa amekaa Sindhi miaka mingi na lugha yao anaisikia. Akawageukia na kuwaambia kuwa Ugogo atapita, na Kikachi anakijua. Wengi hucheka na kuishia hapo. Mimi huwauliza wanafunzi: mbona aliyekuwa akipima kama msafara utafika au hautafika ni mtu wa forodha? Kwa sababu fedha zilikuwa zake. Habari za bara, nani amekufa, njia ipi imefungwa, bei ya pembe Tabora imefika wapi, zote zilipita kwake kabla hazijafika baraza la Sultani.

Na Sultani alizoea kuchukua fedha kwa mwenye forodha kabla ya wakati. Seyyid Said alipofariki mwaka 1856, wanawe waligawana: Thuwaini akabaki na Omani, Majid akabaki na Unguja, na uamuzi wa Waingereza wa mwaka 1861 ukamlazimu Majid ampelekee nduguye riale 40,000 kila mwaka. Zilitoka wapi? Forodhani. Majid alikopa kwa wenye forodha hadi akafariki mwaka 1870 akiwaachia deni kubwa, na mdogo wake, Seyyid Barghash, akakataa kulitambua. Basi ukiniuliza katika miaka hiyo forodha ilikuwa ya nani, nitakujibu kwamba jina lilikuwa la Sultani na ufunguo ulikuwa wa aliyemkopesha.

Tuje kwenye watumwa, na hapa nitazungumza taratibu, kwa sababu wanafunzi wako wanastahili kuambiwa kweli yote.

Soko lililofungwa mwisho lilikuwa Mkunazini, mahali lilipo Kanisa Kuu la Anglikana, ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa Krismasi ya mwaka 1873. Watu hawakuuzwa ndani ya jengo la Mizingani. Lakini usiifanye forodha kuwa haina hatia. Kila mtu aliyeletwa kutoka Kilwa alipitishwa forodhani kwanza, akahesabiwa, akalipiwa ushuru wa kichwa kama frasila ya pembe, akaandikwa. Katika miaka ya 1860 daftari hizo zilihesabu karibu watu 20,000 kwa mwaka. Wanahistoria wa leo wanapokadiria ukubwa wa biashara ile, sehemu kubwa ya tarakimu zao inatoka humo, katika hesabu za mtoza ushuru. Na mashahidi wa wakati ule waliandika jambo ambalo mimi nikilifikiria hukaa kimya kidogo: mtu aliyefika amedhoofika sana, mwenye chombo alipoona hatauzika, hakumshusha. Alimwacha afe, majini au pwani, ili asimlipie ushuru. Yaani ushuru wa riale chache ulitosha kuamua kwamba mtu fulani hafai kufikishwa nchi kavu. Waambie wanafunzi hilo. Halihitaji kutiwa chumvi, wala halihitaji mnyororo wa mbao kulithibitisha.

Mnyororo wenyewe nimeutazama mara nyingi. Ule mlango ndio pambo la pekee la jengo lile. Ukuta wake mwingine ni mkavu, hauna maneno mengi. Ukisogea utaona samaki amechongwa chini, magamba yake yamepangwa kama vigae, mkia umeelekea kwenye kizingiti. Kuna ua la yungiyungi. Na pembezoni unapanda mnyororo, pete ndani ya pete. Wako wanaousoma kuwa mnyororo wa nanga, na kwa nyumba inayoishi kwa vyombo vya baharini hilo halishangazi. Nakshi ya mnyororo imo katika milango mingi ya Mji Mkongwe, hata nyumba za watu wasiohusika na biashara ya watumwa, na maana yake kwa waliochonga ni ulinzi: nyumba imefungwa, shari isiingie. Kama kila mlango wenye mnyororo ungekuwa wa gereza la watumwa, nusu ya mji ungekuwa magereza. Simlaumu mtembezaji wenu, maneno hayo ameyarithi. Lakini naomba asiwarithishe wengine.

Mwezi wa Juni tarehe 5 mwaka 1873, Seyyid Barghash alitia saini mkataba wa kuzuia watumwa kusafirishwa baharini na kulifunga soko. Alitia saini baada ya kutishiwa kuzingirwa na manowari za Waingereza, na akiwa hana nguvu: mwaka mmoja nyuma, Aprili 1872, tufani kubwa iliangusha mikarafuu ya Unguja na kuvunja karibu vyombo vyake vyote. Wengi waliamini forodha itakufa. Haikufa. Mfereji wa Suez ulikuwa umefunguliwa mwaka 1869, meli za moshi za barua zikaanza kuja kila mwezi, na pembe na mpira vikapanda bei. Mwaka 1876 Barghash akaiondoa forodha katika nyumba ya Jairam na kumpa Tharia Topan, Khoja Ismaili aliyezaliwa Kachi na kuja Unguja akiwa kijana mdogo, kwa kodi kubwa kuliko ile ya zamani. Kumbuka jina hilo, tutamkuta tena njiani.

Kisha yakaja yale ambayo wewe na mimi tunayafundisha chini ya kichwa cha "kugawanywa kwa Afrika", lakini ukiyatazama kutoka mlango wa forodha yanaonekana wazi zaidi. Wazungu hawakuanza kwa kuomba ardhi ya mwambao. Walianza kwa kuomba ushuru. Mwaka 1887 kampuni ya Waingereza ilikodi utawala na ushuru wa pwani ya kaskazini, ndiyo Kenya ya leo. Aprili 1888, mwezi mmoja baada ya Barghash kufariki, ndugu yake Seyyid Khalifa akawakodishia Wajerumani forodha za pwani ya kusini. Agosti mwaka huo huo maofisa wa kampuni ya Kijerumani walipokwenda Pangani na Bagamoyo kuchukua nyumba za forodha na kupandisha bendera yao, watu wa Mrima wakakataa, na Abushiri bin Salim akasimama. Vita hivyo vinasimuliwa kama vita vya bendera, na bendera ilikuwamo. Lakini wazee wa Pangani walijua kwamba anayeshika mizani pwani ndiye ameshika nchi. Abushiri alinyongwa Pangani Desemba 1889. Mwaka uliofuata Wajerumani wakainunua pwani moja kwa moja kwa marki milioni 4, na Unguja na Pemba zikawa chini ya himaya ya Waingereza.

Mwaka 1891 mwakilishi wa Waingereza, Gerald Portal, aliiondoa hazina mikononi mwa Seyyid Ali, akamwekea Sultani posho ya kila mwaka, na kumfanya Lloyd Mathews kuwa waziri wa kwanza. Februari 1892 Unguja ikatangazwa kuwa bandari huru, ili biashara isihamie kwa Wajerumani Dar es Salaam. Kwa miaka ile, bidhaa zilishuka bila ushuru mbele ya lile lile daftari lililowahi kulisha dola nzima.

Sasa tunaweza kurudi kwenye jengo lako la Mizingani, ambalo kufikia wakati huu nalo lilikuwa forodha, na siku yake kubwa kuliko zote.

Tarehe 25 Agosti 1896 Sultani, Seyyid Hamad bin Thuwaini, alifariki ghafla. Khalid bin Barghash aliingia jumba la kifalme bila kusubiri ruhusa ya Waingereza, akajitangaza. Alipewa hadi saa tatu asubuhi ya tarehe 27 aondoke. Hakuondoka. Saa tatu na dakika mbili manowari zilizopanga mbele ya mji zikaanza kupiga. Haikufika saa moja mambo yakawa yamekwisha: jumba la Beit al-Hukm magofu, mnara wa taa uliokuwa mbele ya Beit al-Ajaib umebomoka, meli ya Sultani, Glasgow, imezama, na watu wapatao 500 upande wa Khalid wameuawa au kujeruhiwa. Khalid akakimbilia ubalozi wa Ujerumani.

Siku ile ile Waingereza wakamtangaza Seyyid Hamoud bin Mohammed kuwa Sultani. Jumba halikufaa, lilikuwa likifuka moshi. Wakamtangazia forodhani, katika jengo lile mliloonyeshwa, hatua chache tu kutoka kwenye magofu.

Mimi siwezi kupita pale bila kuikumbuka saa hiyo. Babu yake Hamoud, Seyyid Said, aliishi kwa forodha ilhali yeye mwenyewe akikaa jumbani. Hamoud alisimama ndani ya forodha kutawazwa, na katika forodha hiyo hakuwa na amri juu ya hata riale moja. Alikuwa mtu wa kulipwa posho. Ukitaka wanafunzi waelewe himaya ni nini, usianze na tafsiri ya kamusi. Wasimamishe mbele ya mlango ule na uwaambie habari hiyo.

Baada ya hapo historia ya jengo ni ya kazi za kila siku, nami nitaikata fupi. Pale mbele ya ngome mabanda yaliendelea kuwapo, hata gari la moshi la Bububu lilianzia hapo mwanzoni mwa karne ya 20. Katika miaka ya 1920 ilijengwa bandari mpya katika mtaa wa Malindi hapa mjini, yenye gati la meli kubwa, na shughuli za ushuru zikahamia huko, ambako ndiko mliposhuka na boti yenu. Pwani ya ngome ikabaki wazi. Mwaka 1936, kuadhimisha miaka 25 ya utawala wa Seyyid Khalifa bin Haroub, ikafanywa bustani. Serikali ikaiita Bustani ya Jubilii. Watu wakaendelea kuiita Forodhani. Imefanyiwa ukarabati mkubwa na kufunguliwa tena mwaka 2009, na jina ni lile lile. Jina la mahali limewashinda nguvu masultani, Waingereza na mafundi bustani.

Jengo la Mizingani nalo lilikarabatiwa katika miaka ya 1990, kabla Mji Mkongwe haujaingia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000. Mwaka 2002 chuo cha muziki wa nchi za jahazi kikaanza humo. Nilikuwa nikipita chini ya madirisha yale alasiri nikisikia mwanafunzi akikosea na kurudia, akikosea na kurudia, bashraf moja, muziki wa ala usio na maneno, kwenye qanuni, ile ala ya nyuzi nyingi. Seyyid Barghash, aliyeikodisha forodha, ndiye huyo huyo aliyempeleka mtu Misri kujifunza qanuni na kuileta taarab kwake. Sauti ile ilikuwa imefika nyumba inayoifahamu.

Kwa hiyo ukija tena, usianzie Mizingani. Anzia bustanini asubuhi na mapema, kabla meza za chakula hazijatolewa, na wanafunzi wako waipe ngome mgongo ili watazame bahari. Hiyo ndiyo forodha ya Jairam na Ladha. Tembeeni kuelekea kaskazini, Beit al-Ajaib ikiwa kulia kwenu, ambayo sehemu yake ilianguka Desemba 2020 na kuua watu wawili, mpite jumba la makumbusho, mfike kwenye mlango wa samaki. Hapo wasimulie habari za Hamoud. Kisha msirudi. Endeleeni hadi kwenye ule mti mkubwa, wenyewe tunaita Mtini, na mbele kidogo mtaona nyumba yenye roshani za mbao zilizonakshiwa kama lesi, rangi ya kijani na nyeupe, inaitwa Ithnashiri Dispensari. Iliwekewa msingi mwaka 1887, na aliyeanzisha kuijenga, kuadhimisha miaka 50 ya utawala wa Malkia Victoria wa Uingereza, alikuwa Tharia Topan. Malkia alimpa cheo cha "Sir" mwaka 1890. Akafariki Bombay mwaka uliofuata, kabla jengo halijakamilika. Muulize mwanafunzi yeyote, huku akiitazama ile roshani, fedha zile zilitoka wapi. Atageuka mwenyewe kutazama kule mlikotoka.